SOSEJI YA NGURUWE NYUMBANI: ITAZAME NYAMA KABLA YA KUISAGA

 

Leo tuzungumze juu ya chakula cha asubuhi. Hapa Igamba asubuhi ni baridi, hasa mwezi wa Juni na Julai. Mtu anatoka shambani au anakwenda shuleni, na tumbo linataka kitu cha kulishikilia. Wengi wetu tunakunywa chai na viazi vitamu, au magimbi, au uji. Ni chakula kizuri cha kutia nguvu. Lakini mwili unataka pia chakula cha kujenga, yaani nyama, mayai, maziwa, maharage na samaki. Kina mama kadhaa wameniuliza juu ya soseji. Wameziona zikiuzwa Mlowo na Tunduma, zikikaangwa kando ya barabara. Wanauliza: je, tunaweza kuzitengeneza wenyewe nyumbani? Tunao nguruwe, tunayo chumvi, tunavyo vitunguu saumu.

Jibu ni ndiyo. Soseji si kitu cha kiwandani peke yake. Soseji ni nyama iliyosagwa, ikachanganywa na mafuta yake, chumvi na viungo, kisha ikapikwa. Ni hayo tu. Unaweza kuitia ndani ya utumbo uliosafishwa, au unaweza kuifinyanga kwa mkono kama kababu. Zote mbili ni soseji.

Lakini kuna jambo moja ambalo ni lazima nilieleze kabla ya kufika jikoni. Linahusu nguruwe wetu wa Mbozi, na linahusu vichwa vya watoto wetu.

TEGU WA NGURUWE NI NINI?

Tegu ni mnyoo. Ni mrefu na bapa kama utepe. Anakaa katika utumbo mwembamba wa mtu. Anaweza kufika meta 2, 3, na hata zaidi ya hapo. Mwili wake una pingili nyingi, kama muwa. Pingili za mwisho zinajaa mayai, kisha zinakatika na kutoka pamoja na kinyesi. Pingili moja inaweza kuwa na mayai maelfu kwa maelfu. Mayai hayo ni madogo sana. Huwezi kuyaona kwa macho.

Sasa fuata safari yake vizuri. Watu wengi, hata waliosoma, wanaichanganya.

Mtu mwenye tegu anajisaidia porini au nyuma ya migomba. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi hicho. Mayai yanapasuka tumboni mwa nguruwe, na wadudu wachanga wanaingia katika damu yake. Damu inawapeleka kwenye nyama. Huko kila mmoja anajitengenezea kifuko cha maji. Baada ya miezi miwili au mitatu kifuko kimekomaa. Mtu akila nyama hiyo haijaiva vizuri, kifuko kinafunguka tumboni mwake. Mdudu anajishika kwenye utumbo kwa ndoana zake, anakua, anakuwa tegu. Kisha mtu huyo naye anaanza kutoa mayai. Safari inaanza upya.

Hiyo ni njia ya kwanza. Nyama mbichi inaleta tegu wa tumboni. Tegu wa tumboni hasumbui sana. Mtu anaweza kukaa naye miaka bila kujua. Pengine tumbo linamuuma kidogo, pengine anaona vitu vyeupe kama vipande vya utepe katika choo chake. Basi.

Njia ya pili ndiyo mbaya. Mtu akimeza MAYAI ya tegu, mwili wake unafanya kama mwili wa nguruwe. Mayai yanapasuka, wadudu wachanga wanaingia katika damu, na vifuko vinaota ndani ya nyama ya mtu, ndani ya jicho, na ndani ya ubongo. Vifuko vikiwa katika ubongo vinaleta kifafa, maumivu makali ya kichwa, na wakati mwingine kupofuka au kifo.

Mayai humezwaje? Mwenye tegu hanawi mikono baada ya kutoka chooni. Kisha anakanda unga, anakata mboga, anamlisha mtoto. Au mvua inaosha kinyesi mpaka kwenye kisima, au kwenye bustani ya mboga. Kwa hiyo mtu anaweza kupata kifafa cha tegu hata kama hajaonja nyama ya nguruwe tangu azaliwe. Inatosha akiishi na mwenye tegu, au akila chakula kilichoshikwa na mikono yake. Nimekwisha kuulizwa zahanati: "Sisi dini yetu inakataza nguruwe, mbona mtoto wetu anaanguka?" Dini yao ni nzuri na nguruwe hawamli. Lakini maji wanachota kisima kimoja na sisi wengine.

NI UGONJWA WA HAPA KWETU

Ndugu msomaji, usidhani ninasimulia mambo ya mbali. Watafiti wamefanya kazi katika wilaya yetu ya Mbozi kwa miaka mingi juu ya mnyoo huyu. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi uliofanyika katika vijiji 13 vya Mbozi. Walipimwa watu 830. Karibu watu 17 katika kila 100 walikuwa na dalili katika damu zao kwamba wana vifuko mwilini. Watu 5 katika kila 100 walikuwa na tegu wa tumboni. Hesabu watu waliokaa kanisani au mnadani, utaona maana ya namba hizo.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zenye tegu huyu kwa wingi, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 wa kifafa wamepata kifafa hicho kwa sababu yake. Maana yake ni kwamba kifafa kingi kingeweza kuzuiwa kwa choo, kwa sabuni, na kwa moto wa jikoni. Na sisi bado tunatafuta aliyemroga mtoto.

Wazungu nao walichelewa kuelewa. Mwaka 1855, huko Ujerumani, daktari mmoja aliyeitwa Friedrich Küchenmeister alitaka kuthibitisha kwamba vifuko vya nguruwe ndivyo vinavyokuwa tegu tumboni mwa mtu. Wenzake walimbishia. Basi alichukua vifuko hivyo akavificha katika chakula cha mfungwa aliyehukumiwa kifo. Baada ya mfungwa kuuawa, daktari alimpasua akakuta minyoo michanga imejishika kwenye utumbo. Jambo alilotafuta alilipata. Lakini mfungwa hakuambiwa anakula nini. Leo hakuna daktari anayeruhusiwa kufanya hivyo, na ni haki asiruhusiwe.

ANZA NA NGURUWE

Soseji nzuri inaanza bandani. Najua wengi wetu tunawafunga nguruwe wakati wa kilimo ili wasile mazao, na baada ya mavuno tunawaachia wajitafutie. Wakati huo wa kujitafutia ndipo wanapopata mayai ya tegu. Nguruwe aliyefungiwa bandani mwaka mzima, akapewa pumba, majani na maji safi, hawezi kupata tegu kwa urahisi, mradi anayemhudumia ananawa mikono na chakula chake hakina kinyesi. Bwana mifugo anayo pia dawa ya kuua vifuko katika nguruwe aliye hai. Akishampa dawa hiyo, usimchinje mpaka siku alizokuambia zimalizike.

Wanunuzi wa nguruwe wana desturi ya kumlaza nguruwe, kumfungua kinywa kwa fimbo na kuupapasa ulimi. Wakikuta vinundu chini ya ulimi wanamkataa, au wanapunguza bei. Desturi hiyo ina maana. Lakini ujue mpaka wake. Ulimi wenye vinundu ni ishara ya nguruwe aliyejaa vifuko. Ulimi laini si cheti cha afya. Nguruwe mwenye vifuko vichache hana kitu ulimini, na vifuko vimo begani na pajani.

Kwa hiyo nunua nyama iliyokaguliwa na yenye muhuri. Ukichinja nyumbani, mwite mkaguzi wa nyama kabla ya kuchinja, si baada ya nyama kugawanywa. Nyama inayouzwa usiku kwa bei ya chini, jiulize kwa nini haikungoja mchana. Na nguruwe aliyekufa mwenyewe asiliwe kabisa, hata kama alikuwa mnono. Homa ya nguruwe haimwambukizi mtu, ni kweli. Lakini nyama yake na maji yaliyooshea nyama hiyo hupeleka ugonjwa kwa nguruwe wa jirani, na banda zima linakwisha. Tena mnyama aliyekufa ghafula anaweza kuwa na kimeta, na kimeta kinaua watu. Usimpasue. Mwite bwana mifugo.

ITAZAME NYAMA

Hapa ndipo soseji inapotofautiana na nyama ya kuchoma. Nyama ya vipande unaiona. Ukiikata unaweza kuona kifuko. Lakini nyama iliyosagwa huwezi kuitazama tena. Vifuko vimechanganyika na mafuta meupe, na vyote vinafanana. Kwa hiyo kazi ya macho inafanyika kabla ya kusaga. Fanya mchana, mahali penye mwanga wa jua. Usifanye kwa koroboi.

Kata nyama vipande vyembamba, unene wa kidole kidogo. Tazama kila kipande pande zote mbili. Kifuko cha tegu ni kama njegere au punje ya mahindi machanga. Ni cheupe, kinapitisha mwanga, kina maji ndani, na katikati kina doa jeupe. Kinakaa katikati ya nyuzi za nyama nyekundu. Mafuta ni laini, yanapakaa kidoleni. Kifuko ukikibana kinateleza au kinapasuka maji. Tazama sana ulimi, mashavu, moyo, shingo, bega, paja, na ile nyama nyembamba inayotenganisha kifua na tumbo.

Ukikuta vifuko, usivitoe kwa kisu ukaendelea. Ulivyoviona vitano, usivyoviona huenda ni hamsini. Simamisha kazi, mwite mkaguzi. Nyama akiikataa izikwe katika shimo refu au ichomwe. Asipewe mbwa, asipewe nguruwe mwingine. Najua maneno haya yanauma. Nguruwe mmoja ni ada ya shule, ni mbolea ya kahawa, ni bati za nyumba. Mtu aliyemlisha mwaka mzima hawezi kufurahi akimfukia. Lakini kumuuzia jirani usiku ni kumpa hasara iliyo kubwa kuliko yako.

Neno moja zaidi, maana linaulizwa mara nyingi. Ukipasua utumbo wa nguruwe ukakuta minyoo mirefu ya mviringo, hao si tegu. Hao ni minyoo ya aina nyingine. Tegu mrefu anakaa kwa mtu. Kwa nguruwe vinakaa vifuko.

VITU VINAVYOHITAJIWA

Kwa familia ya watu sita au saba, kilo moja inatosha. Chukua robo tatu kilo ya nyama ya bega na robo kilo ya mafuta. Usiogope mafuta. Soseji isiyo na mafuta inakuwa kavu kama mbao. Chukua chumvi vijiko vya chai 3, vilivyosawazishwa kwa kisu, visiwe vya kufurika. Pilipili manga iliyotwangwa kijiko cha chai 1. Vitunguu saumu punje 4. Maji baridi robo kikombe. Hayo ndiyo ya lazima. Ukipenda ongeza tangawizi kidogo, au pilipili kali, au majani ya giligilani yaliyokatwa. Kwa mgonjwa wa shinikizo la damu, chumvi hiyo ni nyingi. Mpikie nyama yake peke yake.

Soseji za dukani mara nyingi zina unga na mkate ndani ili zijae. Wewe huna haja. Lakini kama nyama ni kidogo na watoto ni wengi, tia ngumi moja ya makombo ya mkate mkavu. Si dhambi.

KUSAGA NA KUCHANGANYA

Fanya kazi asubuhi na mapema, kungali baridi. Nyama ikipata joto mafuta yanayeyuka, soseji zinavunjika, na vijidudu vya kuharisha vinazaliana upesi. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayomiminika. Osha kisu, ubao na kinu kwa maji ya moto. Kama umetoka kubadilisha nepi ya mtoto, nawa mara mbili. Kama wewe mwenyewe umeona vipande vyeupe katika choo chako, mwachie mwingine kazi hii leo, na uende zahanati.

Mwenye mashine ya kusagia nyama ya kuzungusha kwa mkono, asage mara mbili. Asiye nayo asikate tamaa. Kata nyama na mafuta vipande vidogo sana kwa kisu kikali, kisha twanga kidogo kidogo katika kinu safi. Kinu cha mahindi kinafaa kama kimeoshwa kwa maji yanayochemka kabla na baada. Usitwange mpaka ikawa uji. Inafaa punje za nyama zionekane.

Twanga vitunguu saumu pamoja na chumvi na pilipili manga. Tia katika nyama. Mimina maji baridi. Sasa kanda kwa mkono kwa nguvu, kama unavyokanda unga wa maandazi, kwa dakika tatu au nne. Utaona nyama inaanza kunata na kushikamana. Chumvi ndiyo inayofanya hivyo. Inatoa ute wa nyama, na ute huo ndio gundi ya soseji. Ukiacha mapema, itavunjikavunjika katika kikaango.

Hapa pana kosa linalofanywa na wapishi wengi. Anakanda, kisha analamba kidole aone kama chumvi imekolea. USIONJE NYAMA MBICHI. Hata kidogo. Hata kama wewe ni fundi. Kifuko kimoja kilichokupita machoni kinatosha kukupa tegu. Chukua tonge dogo, lipike mpaka liive, ndipo uonje. Kama chumvi haitoshi, ongeza katika iliyobaki. Wafukuze na watoto jikoni wakati huu. Wanapenda kuchovya.

KUFINYANGA NA KUPIKA

Njia rahisi ni ya mkono. Lowesha viganja kwa maji baridi. Chukua tonge kama yai la kuku, lifinyange liwe duara bapa, unene wa kidole kimoja. Usifanye nene zaidi. Soseji nene inaungua nje na ndani inabaki mbichi, na hiyo ndiyo hatari tunayoikimbia.

Mwenye kupenda soseji ndefu atumie utumbo mwembamba wa nguruwe. Ukamue kinyesi chote mbali na jikoni, uoshe, ugeuze ndani nje kwa kijiti, ukwangue ute kwa mgongo wa kisu, uoshe kwa chumvi na maji mara nyingi mpaka harufu iishe. Jaza nyama kwa mdomo wa chupa ya plastiki iliyokatwa ikawa kama mrija mpana. Usijaze mpaka ukakaza, maana utapasuka. Funga kwa uzi kila urefu wa kidole. Kwa kweli mimi naona kazi ya utumbo ni kubwa kuliko faida yake. Ladha iko katika nyama.

Sasa kupika. Fanya hatua mbili. Panga soseji katika kikaango, mimina maji mpaka nusu ya unene wake, funika, weka juu ya moto wa kadiri. Acha maji yachemke. Zigeuze mara moja. Baada ya dakika 10 hivi funua, acha maji yakauke. Mafuta ya nyama yatabaki kikaangoni, na soseji zitajikaanga zenyewe katika mafuta hayo mpaka ziwe za rangi ya kahawia pande zote mbili. Zile za utumbo zichemshe dakika 20 au zaidi kabla ya kuzikaanga. Hapa kwetu mlimani maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100 za joto, kwa hiyo usiwe na haraka na saa ya mtu wa pwani.

Utajuaje kwamba zimeiva? Rangi ya nje haitoshi. Toa iliyo nene kuliko zote, ikate katikati. Ndani pasiwe na rangi ya waridi hata kidogo, na maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na damu. Kama bado, rudisha zote. Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katikati ya soseji. Kikionyesha nyuzi 71, imeiva. Joto hilo linaua vifuko vya tegu, na linaua pia vijidudu vya kuharisha na kutapika.

Mtu atasema: "Mimi nitaipaka chumvi nyingi na kuitundika juu ya moshi, kama babu alivyofanya." Moshi wa jikoni unakausha nje. Ndani kifuko kinaweza kuwa hai. Tena soseji mbichi inayoning'inia siku nyingi inaweza kupata sumu mbaya isiyo na harufu wala ladha. Huko Ujerumani, ambako watu ni mabingwa wa soseji, daktari Justinus Kerner aliieleza sumu hiyo katika miaka ya 1820, maana iliwaua watu waliokula soseji zilizohifadhiwa. Wanaozikausha siku hizi wanatumia chumvi maalumu na vipimo ambavyo sisi hatuna. Wewe pika siku ileile uliyosaga.

KAMA KUNA ANAYEANGUKA KIFAFA NYUMBANI

Nilisema habari hii inahusu vichwa vya watoto wetu. Basi nisiipite.

Mtu akianguka kifafa, mwondoe karibu na moto na maji. Weka nguo laini chini ya kichwa. Mlaze ubavu ili mate yatoke. Usimtie kijiko wala kidole kinywani. Usimkandamize. Angalia saa: ikipita dakika 5 bila kutulia, mpeleke hospitali mara moja. Povu lake haliambukizi. Mkojo wake hauambukizi. Wapo watoto walioungua vibaya motoni kwa sababu watu walisimama wakiogopa kuwashika. Mtu kama huyo umshike, umvute.

Kifafa kina dawa. Vidonge vinamezwa kila siku, kwa muda mrefu, bila kuruka. Mtu mzima aliyeanza kuanguka ukubwani, naye hakuwa na kifafa utotoni, aambiwe daktari kwamba anatoka eneo la nguruwe. Hospitali kubwa zina mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa, na picha hiyo inaweza kuonyesha vifuko.

Mwenye tegu wa tumboni naye anatibika kwa urahisi. Lakini tafadhali usinunue dawa za minyoo za nguvu dukani ukajitibu. Dawa nyingine zinazoua tegu zinafika pia kwenye ubongo. Kama una vifuko kichwani bila kujua, vinapokufa kwa ghafula ubongo unavimba, na unaweza kuanguka kifafa siku hiyohiyo. Kabla ya kumeza, mwambie mganga kama umewahi kuanguka, au kama una maumivu ya kichwa ya muda mrefu. Hata mtoto anayepewa dawa ya kichocho shuleni, kama ana kifafa, mwalimu aambiwe kwanza.

Mwenye tegu hapaswi kuonewa haya wala kufukuzwa jikoni milele. Anatibiwa, anapona, anarudi kupika. Wakati anangoja dawa, atumie choo, akate kucha, anawe kwa sabuni.

MASWALI MADOGO

Je, asiyekula nguruwe? Atumie ng'ombe, mbuzi au kuku, kwa vipimo vilevile. Nyama ya ng'ombe nayo ina tegu wake, lakini mayai ya huyo hayaoti vifuko katika ubongo wa mtu. Kuku hana tegu wa namna hii, ila ana vijidudu vya kuharisha. Zote ziive.

Je, friji? Mwenye friji anaweza kuweka soseji mbichi mpaka kesho yake, si zaidi. Akumbuke kwamba baridi ya friji ya kawaida haiui vifuko. Asiye na friji azipike zote, ale asubuhi, na zilizobaki azifunike na kuzipasha moto mpaka zitoe mvuke kabla ya kula mchana. Za jana yake zisilale tena.

Je, mtoto mdogo? Aliyeanza kula vyakula vya familia anaweza kupewa, ila ipondwe katika uji wake au katika viazi, isije ikamkaba.

Ukimaliza, maji yaliyooshea nyama mbichi usiyamwage kwenye bustani wala kwenye chakula cha nguruwe. Yamwage katika shimo la choo. Osha ubao kwa maji ya moto na sabuni, uanike juani. Mafuta yaliyobaki kikaangoni yachuje katika kikombe, yafunike. Jioni yatafaa kukaangia kabichi.